Tangi la Mama Halitoki Sebuleni

Nyumba ya kona,
nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu kutoka kwetu sote. Hujambo? Wifi yangu mgongo umepoa, au bado analala sakafuni kama alivyoagizwa na daktari? Na mwanao mkubwa, meno ya mbele yameota, au bado anacheka na pengo? Mwambie shangazi yake amemuulizia, na kwamba pengo si ugonjwa.

Huku sisi ni wazima. Mimi bado naamka, naenda chumba cha habari, nabishana na mhariri, narudi. Mama ni mzima. Nalirudia neno hilo kwa makusudi: mzima. Anakula, analala, anasuka nywele zake mwenyewe na anamjibu kila mtu. Najua umeambiwa vingine, ndiyo maana nimekaa kukuandikia badala ya kukupigia simu. Simu hukatika, na maneno ya simu kila mtu hubaki na yake.

Kaka yetu mkubwa amekupigia. Tangu tulipomwita Mwenyekiti kwa mzaha, mzaha ule amekuwa akiuchukulia kama cheo, na sasa hata kikao cha watu wanne hukifungua kwa kugonga meza. Amekuambia kwamba tangi la samaki limepasuka, nyumba imefurika, Mama ameteleza, na hawezi tena kukaa peke yake. Amekuambia pia kwamba sisi wote tumekubali Mama ahamie kwake, umebaki wewe tu.

Mimi nilikuwepo. Katika hayo yote, la kweli ni kwamba tangi lilipasuka. Maji yalimwagika sebuleni na ukumbini, hayakufika chumbani. Aliyeteleza ni mimi. Nina alama kwenye kiwiko, Mama hana. Na mimi sijakubali chochote.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa nimepita kumletea Mama magazeti yake, naye alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Nikasikia mlio mkavu, mfupi, kama kijiti kikavu kinapovunjwa kwa goti. Nilipogeuka nikaona ufa umeanzia kona ya chini kushoto na unapanda polepole, bila haraka yoyote, kama mtu anayeijua njia yake. Halafu maji yakaja. Viatu vilivyokuwa mlangoni vilianza kuelea.

Mama alitokea na kisu bado mkononi. Akatazama. Akasema:

“Chupa imepasuka. Lete mabeseni.”

Unajua miaka aliyofanya ukunga wodi ya wazazi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga kelele. Yeye alikuwa ameshavua ndala. Aliniagiza nizime umeme wa pampu kwanza, kabla ya kugusa maji, kisha nikinge beseni chini ya ufa. Wale samaki wa dhahabu aliwachota kwa chujio la chai ya wageni, mmoja baada ya mwingine, bila kumwangusha hata mmoja.

Aliyebaki alikuwa Mkaguzi. Utakumbuka ulimleta ndani ya mfuko wa plastiki, mweusi, mdogo kama kidole, ukisema atakuwa anasafisha vioo. Sasa ana urefu wa mkono wa Mama kutoka kiwiko hadi vidole. Bado kazi yake ni ileile, kubandika mdomo kwenye kioo na kukizunguka kona hadi kona, kana kwamba ametumwa na serikali. Siku ile alikuwa amebandika juu kidogo ya ufa na hakutaka kutoka. Mimi nilijaribu kumvuta. Mama akanisukuma pembeni, akapitisha kiganja chini ya tumbo lake na kumgeuza taratibu, kama anavyogeuza mtoto aliyetanguliza miguu. Mkaguzi akaachia. Tukamtia kwenye pipa la bluu la maji ya akiba, na pampu ya hewa tukaiwasha huko.

Mwenyekiti alifika tukiwa bado tunakamua matambara. Hakushika hata moja. Alipiga picha sakafu, akapiga picha viatu, akapiga picha kiwiko changu, ambacho nadhani ndicho ulichotumiwa kama kiwiko cha Mama. Kisha akasimama mahali pakavu.

“Mama, leo ni maji. Kesho je?”

“Kesho nitapiga deki,” Mama akamjibu.

Akaeleza mpango wake. Sitaki kumsingizia, aliueleza kwa upole, na naamini anampenda Mama. Kwake kuna chumba cha nyuma, kina dirisha, kina kitanda kipya. Samaki wangepewa mwenye hoteli anayemfahamu. Kama Mama angewakumbuka sana, angenunuliwa tangi dogo la kuweka juu ya kabati, la ukubwa wa redio.

“Na Mkaguzi?” Mama akauliza. “Mtamkunja?”

Mwenyekiti akasema si suala la samaki. Mama akasema kama si suala la samaki, basi samaki waachwe. Walikwenda hivyo kwa muda, mwisho Mwenyekiti akatoa sharti. Kama Mama anadhani anaweza kulirudisha tangi, alirudishe. Kwenye kikao kijacho litajazwa maji mbele ya watu wote. Likivuja, anahama.

“Na lisipovuja,” Mama akasema, “habari ya kuhama isiingie tena ndani ya nyumba hii.”

Wakapeana mikono. Mkono wa Mama ulikuwa bado na harufu ya vitunguu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Fundi vioo wa pale njia panda alikuja na futi yake. Akapima tangi la zamani, akapima mlango, akapima tangi tena, akakuna kichwa. Baba, Mungu amrehemu, aliliingiza tangi lile kabla ya kuweka geti la chuma na fremu nene. Baada ya hapo mlango ukawa mwembamba. La zamani lingeweza kutoka kwa kuvunjwa vipande, lakini jipya la ukubwa ule lisingeingia hata kwa maombi. Fundi akamshauri achukue dogo.

“Vioo peke yake vinapita mlangoni?” Mama akamuuliza.

“Kimojakimoja vinapita, Mama.”

“Basi sitaki tangi. Niletee vioo.”

Tangu siku hiyo sebule ikawa karakana. Vioo vililetwa vimefungwa mablanketi, vikapitishwa ubavu kama wagonjwa kwenye machela. Kochi likaenda ukumbini, televisheni ikaenda chumbani kwa Mama, na anayetaka kupita kwenda msalani alipita akiwa amevuta tumbo. Mwenyekiti alipiga simu kuuliza kama Mama hachoki na fujo ile. Mama akasema amechoka na simu.

Fundi yule ni mtu mzima, ana duka lake, si mtu wa kuburuzwa. Lakini Mama alimsimamia kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kingo za vioo lazima zisafishwe kwa spiriti kabla ya gundi, maana alama moja ya kidole yenye mafuta inatosha kuifanya gundi isishike. Mama akatoa pamba yake na glavu zake.

“Umenawa mikono?”

“Mama, hii ni gundi tu. Hakuna anayejifungua hapa.”

“Mikono, baba.”

Akaenda kunawa. Nikiwa nyuma yake nilimsikia akijicheka mwenyewe kule bombani.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo Mwenyekiti hakukuambia, kwa sababu halijui. Au pengine analijua, nitakueleza kwa nini nasema hivyo.

Kabla ya kuunganisha vioo, fundi alitaka meza ya chuma ya tangi iwekwe sawa. Unaikumbuka sakafu ile inavyoteremka kuelekea mlangoni. Baba alikata vipande vya mpira wa tairi, vinene na vyembamba, akaweka kimoja chini ya kila mguu wa meza hadi maji yakasimama sawasawa, na akatuonya kila tulipokaribia: meza hii haisukumwi. Nilipopiga magoti kufuta, nikaona mguu wa kushoto umeshuka kutoka kwenye mpira wake. Ulikuwa unakanyaga sakafu tupu. Na kutoka kwenye mpira kwenda ukutani kulikuwa na mkwaruzo mpya, mweupe.

Sikuhitaji kuuliza. Kwenye kikao kilichotangulia, kile cha kwanza cha kumshawishi Mama ahame, Mwenyekiti alitaka kiti chake kikae katikati, watu wote wamwone. Nafasi haikutosha. Akaisukuma meza kwa bega, na tangi limejaa hadi juu, huku anasema “kidogo tu, kidogo tu.” Sisi wa huku sote tulikuwepo. Tuliyaona maji yakiyumba, tukaendelea kupanga viti. Kuanzia hapo uzito wote wa tangi ukawa unaegemea kona moja, na kona ile ilivumilia hadi iliposhindwa.

Nikamtazama Mama. Alikuwa ameshaniona nikitazama. Akavuta zulia dogo la pembeni kwa kidole cha mguu, akaufunika ule mkwaruzo.

Tulipokwisha kuurudisha mguu juu ya mpira wake, na fundi akatoka kwenda kufuata gundi, nikamwambia kwamba hilo peke yake linamaliza kesi. Anayesema Mama hawezi kutunza tangi ndiye aliyelivunja. Kwa kazi yangu, hiyo ni habari ya ukurasa wa mbele.

“Funga gazeti lako,” akaniambia. “Nikimwonyesha, ataniacha hapa kwa aibu. Mimi sitaki kukaa kwangu kwa aibu ya mtu. Nakaa kwa sababu ni kwangu.”

Mimi kwa miaka mingi nimewahoji mawaziri na wezi, na jibu kama lile sijalipata. Nikashika pamba, nikaendelea kufuta.

Siku ya kikao walikuja wote. Mwenyekiti, wifi yetu mkubwa, na Shangazi, ambaye alikuja mapema ili apate kiti chenye mto. Fundi naye alikuwepo, amevaa shati la kutokea. Tangi lilikuwa limesimama mahali palepale, jipya, limekauka, linang'aa, na chini yake tulikuwa tumetandaza magazeti makavu. Mwenyekiti akagonga meza. Mama akafungua mpira wa maji.

Maji yalipanda taratibu. Yalipovuka nusu, wifi akanywa chai yake. Yalipokaribia ukingo, Shangazi akainama mbele.

“Jamani. Ni macho yangu au?”

Kwenye gazeti, chini ya kona ya kushoto, palikuwa na doa la ukubwa wa kifungo. Likapata mwenzake.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. “Si macho yako, Shangazi.”

Akasimama. Alikuwa na sura ya mtu aliyeandaa hotuba ya huzuni na sasa ameruhusiwa kuisoma. Fundi alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama lile zulia dogo na kuuma ulimi, na nakuambia ulimi huu haujazoea kuumwa.

Mama alisogea hadi kwenye kona. Akapitisha kidole, akakitazama.

“Nimeona,” akasema. “Ndiyo maana nimejaza maji, sikujaza samaki. Fundi, toa maji. Kata gundi ya kona hii, umimine upya.”

“Mama,” Mwenyekiti akasema, “tulikubaliana. Likivuja, unahama.”

“Tulikubaliana.”

“Sasa?”

“Sikatai kwamba tulikubaliana. Nakataa kuhama.”

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema, sijaongeza wala kupunguza. Wifi aliguna. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba neno ni neno, na kwamba yeye anamheshimu Mama, lakini hata heshima ina mpaka. Mama akamwacha amalize. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu yake kabisa, magoti kwa magoti.

“Wewe ulipozaliwa hukulia,” akamwambia. “Mwenzangu aliyenizalisha akakusugua mgongo, hukulia. Akakusugua tena, hukulia. Akachukua shuka akufunike. Nikamwambia: tena. Akasema dada, yatosha. Nikamwambia: tena. Leo umekaa mbele yangu na tai shingoni, unaniambia nilikuwa na nafasi moja?”

Kwenye pipa la bluu pampu ilikuwa inakoroma.

“Na kweli alilia,” Shangazi akasema. “Mpaka leo hajanyamaza.”

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, naye ni mkewe. Fundi akageukia ukuta. Mwenyekiti hakucheka, lakini hakugonga meza pia. Alichukua funguo zake, akasema kwamba uamuzi bado haujafungwa, kwa kuwa mdogo wetu hajasema neno lake, na atakalosema ndilo litakalofuatwa. Akaondoka. Ndivyo neno lako lilivyogeuka kuwa la mwisho, Kitinda, na wewe hukuwepo hata kujitetea.

Fundi alikata gundi ya kona ile kwa wembe, akasafisha, akamimina upya. Safari hii alinawa mikono bila kuambiwa. Sebule ikanuka siki kwa siku kadhaa, harufu ya gundi inayokauka. Mama hakumruhusu mtu kuharakisha. Maji yakajazwa, yakaachwa yakae. Magazeti yakabadilishwa, yakaachwa yakae. Kila nilipopita kutoka kazini nilipiga magoti na kuyashika kwa kiganja. Makavu. Yalikuwa magazeti ya kwetu, na nakiri sijawahi kuyasoma kwa makini kiasi kile.

Leo asubuhi tumerudisha samaki. Wale wa dhahabu walizunguka hovyo kama watoto waliofunguliwa shule. Mkaguzi alizama hadi chini, akatulia, tukadhani amechoka na kukaa pipani. Kisha akainuka. Akapita kioo cha mbele bila kukigusa, akapita cha kulia, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya kushoto, akabandika mdomo juu ya gundi mpya na kukaa hapo.

“Amepitisha,” Mama akasema, akaenda kuweka maji ya chai.

Mwenyekiti alikuja muda mfupi baadaye. Hakuna aliyemwita. Alisimama mbele ya tangi, akapitisha kidole kwenye kona, akakitazama kidole, akakifuta kwenye suruali ingawa hakikuwa na kitu. Akauliza akae wapi.

“Popote,” Mama akamjibu, “ila si upande wa tangi.”

Hapo ndipo alipolitazama lile zulia dogo. Alilitazama kwa muda. Halafu akachukua kiti chake, hakukiburuta, alikinyanyua, akaenda kukiweka karibu na mlango. Ndiyo maana nimesema pengine analijua. Mimi sikuuliza, na Mama alimmiminia chai.

Lakini usidhani amekata tamaa. Alipokuwa anaaga alisema bado anasubiri neno lako, na atakupigia wiki hii. Basi nakuomba jambo moja. Usimtajie mkwaruzo. Mama hakunikataza kukuandikia, ila hataki mkwaruzo ule utumike kama silaha, na wewe pia utamheshimu kwa hilo. Usimtajie tangi hata kidogo. Sema tu kwamba Mama hahami. Akikuuliza tena, mjibu tena.

Mkumbatie wifi yangu kwa niaba yangu, lakini taratibu, kwa ajili ya mgongo. Shangazi anawasalimu na anauliza kama huko mna viti vyenye mito. Wifi yetu mkubwa anakusalimu pia, na nahisi kura yake iko upande wetu, ila bado anakaa nyumba moja na Mwenyekiti, tusimchongee. Mama anasema mle vizuri, msilale na madirisha wazi, na siku mtakapokuja msilete samaki mwingine, nafasi iliyopo sebuleni ni ya watoto.

Mungu awalinde huko mliko, awape afya na kazi isiyowavunja, na awarudishe salama kwenye mlango huu mwembamba.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye kiwiko chake kimeshapona.